MAISHA YA ERNST MACH, ALIYETUONYESHA MSHINDO KWA MACHO

Wako watu katika dunia hii ambao majina yao hutajwa kila siku na watu wasiojua kwamba hayo ni majina ya watu. Rubani wa ndege ya vita husema anaruka kwa Mach moja au Mach mbili, na sisi wanafunzi twasoma maneno hayo katika vitabu vya Fizikia tukidhani kwamba Mach ni kipimo tu, kama mita au kilo. Sivyo. Mach alikuwa mtu, tena mtu ambaye utotoni aliambiwa na walimu wake kwamba hana akili ya kusoma. Jina lake hutamkwa kwa kh ya kooni, kama watu wa pwani watamkavyo neno kheri. Alikufa mwaka 1916, miaka zaidi ya 30 kabla mwanadamu hajaruka kwa mwendo upitao ule wa sauti. Hata hivyo yeye ndiye aliyetuonyesha sababu ya ule mshindo mkubwa usikiwao ardhini ndege za namna hiyo zipitapo. Basi nawaomba wasomaji wa gazeti letu wanisikilize niwasimulie habari zake.

UTOTO NA MASOMO

Ernst Mach alizaliwa tarehe 18 Februari, 1838, katika kijiji kimoja karibu na mji wa Brno, nchi ya Moravia. Siku zile Moravia ilikuwa chini ya Dola ya Austria. Leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake, Johann, alikuwa mwalimu aliyefundisha watoto majumbani mwa wenye mali. Baadaye alinunua shamba huko Untersiebenbrunn, si mbali na Vienna, akahamia huko pamoja na mkewe na mtoto wao.

Akiwa bado mdogo, Ernst alipelekwa shule ya watawa wa Mtakatifu Benedikto huko Seitenstetten. Huko mambo hayakumwendea vizuri. Masomo makubwa yalikuwa Kilatini na Kiyunani, na yeye hakuyapenda wala hakuyaweza. Walimu wakamwona kuwa ni mtoto asiye na kipaji, wakamshauri baba yake amtafutie kazi ya mikono. Johann hakugombana nao, wala hakumkatia tamaa mwanawe. Alimrudisha nyumbani akamfundisha mwenyewe. Asubuhi walisoma lugha, historia na hesabu. Baada ya hapo mtoto alifanya kazi za shamba kama wengine.

Wakati huo Ernst alitamani sana kwenda kuishi Marekani. Ili apate kazi ya kumlisha huko, aliomba ajifunze useremala, na kwa muda wa miaka miwili akawa mwanafunzi wa fundi mmoja wa jirani. Marekani hakwenda, lakini kazi ile haikupotea bure. Mtu aliyezoea kupima ubao, kuukata na kuuunganisha hawezi kuogopa kutengeneza chombo cha majaribio kwa mikono yake, na Mach alitengeneza vingi.

Alipotimiza miaka 15 alirudi shuleni, katika mji wa Kremsier, na safari hii akafuzu. Mwaka 1855, akiwa na miaka 17, umri walio nao wengi wetu katika Kidato cha Nne, aliingia Chuo Kikuu cha Vienna. Mwaka 1860 alipata shahada ya udaktari wa Fizikia.

FILIMBI YENYE KUZUNGUKA

Kazi yake ya kwanza iliyojulikana ilihusu sauti. Mwaka 1842 Christian Doppler alikuwa amesema kwamba sauti ya kitu kinachotukaribia husikika kuwa nyembamba zaidi, na kikituacha husikika kuwa nene. Wengi wetu tumepata kusikia jambo hilo barabarani, lori lipitapo kwa mbio huku likipiga honi. Lakini kule Vienna walikuwako wanazuoni wakubwa walioipinga kauli hiyo, na Doppler alikuwa amekwisha kufa, hawezi kujitetea.

Kijana Mach hakupoteza wakati wake kwa mabishano. Alitengeneza bomba refu lenye filimbi, akalifunga lipate kuzungushwa kama panka. Aliyesimama pembeni, mahali filimbi ilipokuwa ikimjia na kumwacha, alisikia sauti ikipanda na kushuka. Aliyesimama usawa wa mhimili, ambapo filimbi haimkaribii wala haimwachi, alisikia sauti ile ile moja. Aliyetaka kubisha tena ilimbidi kwanza ayapinge masikio yake mwenyewe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia ya Mach maisha yake yote: palipo na ubishi, tafuta njia ya kuliona au kulisikia jambo lenyewe. Mwaka 1864 alikuwa profesa wa Hesabu huko Graz. Mwaka 1867 alimwoa Ludovica Marussig, na mwaka huo huo akahamia Prague kuwa profesa wa Fizikia ya majaribio. Alikaa Prague miaka 28, na humo ndimo alimofanya kazi tunayomkumbukia.

SHUTUMA ZA VITA

Mwaka 1870 Wafaransa na Waprusi walipigana vita. Majeruhi walipofikishwa kwa waganga, waganga walistaajabu. Risasi iliingia kwa tundu dogo, lakini ndani ya mwili iliacha jeraha kubwa kama shimo. Pande zote mbili zikashutumiana kwamba mwenzake anatumia risasi zenye kupasuka. Shutuma hiyo haikuwa ndogo, maana miaka miwili kabla, mwaka 1868, mataifa yalikuwa yamekubaliana huko St. Petersburg kuzikataza risasi za namna hiyo. Kwa hiyo kila upande uliuona mwingine kuwa umevunja ahadi na ubinadamu.

Mwaka 1881 Mach alikuwako Paris, akamsikiliza Mbelgiji mmoja aitwaye Louis Melsens akieleza jambo hilo kwa njia nyingine. Melsens alidhani kwamba risasi iendayo kwa mbio sana husukuma mbele yake donge la hewa iliyobanwa, na kwamba donge hilo ndilo liingialo mwilini na kupasua nyama. Kama ni kweli, basi hakuna aliyevunja ahadi. Mwenye kosa ni hewa.

Lakini nani aliyepata kuiona hewa iliyo mbele ya risasi? Hewa haionekani, na risasi hupita upesi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Hapo ndipo Mach aliposhika kazi.

KUIPIGA PICHA HEWA

Msomaji ataniuliza, hewa hupigwaje picha? Tazama juu ya jiko la mkaa lenye moto mkali, au juu ya barabara ya lami wakati wa adhuhuri. Utaona vitu vilivyo nyuma yake vinatetemeka. Hewa yenye moto ni nyepesi kuliko iliyo baridi, na nuru ikitoka katika moja kuingia katika nyingine hupinda kidogo. Vivyo hivyo nuru hupinda ikipita katika hewa iliyobanwa. Mjerumani August Toepler alikuwa amekwisha kubuni njia ya kutumia lenzi ili kupinda huko kuonekane kama vivuli. Mach akaichukua njia hiyo.

Ilibaki shida ya mwendo wa risasi. Dawa yake ilikuwa cheche ya umeme, ambayo huwaka kwa muda mfupi kupita kiasi. Katika chumba chenye giza, risasi yenyewe ilipita kati ya nyaya na kuukamilisha mkondo wa umeme. Papo hapo cheche ikawaka, na nuru yake ikaiandika sura ya risasi na hewa iliyoizunguka. Yaani risasi ilijipiga picha yenyewe.

Majaribio ya kwanza, yaliyofanywa Prague kwa bastola, hayakuonyesha kitu. Risasi ilionekana waziwazi, lakini hewa mbele yake ilikuwa shwari. Mtu mwingine pengine angesema kwamba hakuna kitu cha kuonekana, akaacha. Mach alifikiri zaidi. Sauti katika hewa huenda kama mita 340 kwa sekunde, na risasi za bastola ile zilikwenda polepole kuliko hivyo. Akatambua kwamba hana budi kupata risasi ipitayo mwendo wa sauti.

Mwaka 1886 alimwandikia barua Peter Salcher, mwalimu wa Chuo cha Jeshi la Majini huko Fiume, mji uitwao leo Rijeka katika nchi ya Kroatia. Salcher, akisaidiwa na mwenzake Sandor Riegler, alifanya jaribio hilo kwa bunduki zenye nguvu, na Mach akamwongoza kwa barua kutoka Prague. Picha walizopata zilikuwa ndogo sana, hata ikabidi zikuzwe ndipo zitazamwe vema. Lakini jambo lililotafutwa lilikuwamo. Mwaka 1887 Mach na Salcher walilitangaza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Vienna.

WALICHOKIONA

Mbele ya risasi palikuwa na mstari mweusi uliopinda kama upinde, na mikono yake ikarudi nyuma pande zote mbili. Mstari mwingine ulianzia mkiani mwa risasi. Nyuma yake hewa ilikuwa imevurugika kama maji nyuma ya mashua. Mach aliyaelewa mara moja, na nitajaribu kuyaeleza kama nilivyoyafahamu.

Tupa jiwe katika maji yaliyotulia, utaona viduara vikienea pande zote. Mashua iendayo polepole hutoa viduara hivyo, na viduara huitangulia. Lakini mashua ya injini ikienda mbio kuliko viduara vyake, haviwezi tena kuitangulia. Hukusanyika pamoja na kufanya mikunjo miwili yenye umbo la V, na mashua iko kwenye ncha. Ukiwa ufukoni huoni kitu mpaka mkunjo ukufikie. Hapo mara maji hukupiga miguuni.

Risasi hufanya vivyo hivyo katika hewa. Iendapo, huisukuma hewa, na misukumo hiyo huenea kwa mwendo wa sauti. Risasi ikiipita sauti, misukumo hairukii mbele, hubanana na kuwa wimbi moja jembamba lenye nguvu. Kwa kuwa hewa iko pande zote, wimbi hilo halina umbo la V tu bali umbo la pia, na ncha yake ni risasi yenyewe. Kadiri risasi iendavyo mbio, ndivyo pia hiyo inavyozidi kuwa nyembamba. Wanafunzi wa Hesabu watapenda kujua kwamba sini ya pembe baina ya ubavu wa pia na njia ya risasi ni mwendo wa sauti ukigawanywa kwa mwendo wa risasi. Risasi iendayo mara mbili ya sauti hufanya pembe ya digrii 30. Kwa hiyo aliyekuwa na picha na kipimo cha pembe aliweza kujua mwendo wa risasi bila saa.

Basi donge la Melsens likatoweka. Mach alieleza kwamba risasi haibebi mzigo wa hewa uwezao kupasua mwili. Iliyoko ni wimbi jembamba, na hewa yake hubadilika daima, hii ikiingia na ile ikitoka. Mwendo mkali wa risasi yenyewe watosha kueleza jeraha lile. Wapiganaji walikuwa wameshutumiana kwa jambo ambalo hakuna mmoja wao aliyeliona.

Fumbo la pili likafumbuka pia. Wapiga mizinga walizoea kusikia milio miwili kwa mzinga mmoja. Sasa ilijulikana kwamba mlio mmoja hutoka mdomoni mwa mzinga, na mwingine ni wimbi lile la pia linapompita msikilizaji. Na sisi tuliolelewa penye mifugo twaijua sauti kali ya mjeledi. Hiyo nayo ni ncha ya ugwe kuipita sauti kwa kitambo kidogo.

UZEE NA KOSA LAKE

Mach aliandika vitabu vilivyosomwa sana, na kile cha mwaka 1883 juu ya elimu ya mwendo na nguvu kilimsaidia Albert Einstein katika fikira zake, kama Einstein mwenyewe alivyokiri. Lakini siku zake za mwisho zilikuwa na taabu. Mwaka 1894 alifiwa na mwanawe Heinrich, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amepata udaktari. Mwaka uliofuata alihamia Vienna. Mwaka 1898, akiwa safarini kwa treni, alipatwa na kiharusi kikampooza upande wa kulia. Hakuacha kazi, alijizoeza kupiga taipu kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1901 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza Kuu la Bunge la Austria. Cheo cha ukabaila alikikataa, ila ulipopigiwa kura muswada wa kupunguza saa za kazi za wachimba makaa ya mawe, alikubali kuchukuliwa kwa gari la wagonjwa akapige kura yake.

Mgala muue na haki yake mpe, na aliye mkubwa naye asifichiwe kosa lake. Mach hakukubali kwamba atomu ziko. Kwa kuwa hakuna aliyepata kuziona, alizihesabu kuwa ni mawazo ya kurahisishia hesabu tu, na jambo hilo lilimtenga na Ludwig Boltzmann, mwanafizikia mkuu wa Vienna aliyezitetea. Majaribio ya Jean Perrin huko Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1908, yaliwashawishi karibu wanasayansi wote kwamba atomu ziko kweli. Tabia ile ile ya kutaka kuona kwanza, iliyompa ushindi juu ya risasi, ndiyo iliyomkosesha hapa. Mtu aliyeonyesha kisichoonekana alisahau kwamba pengine mwingine naye atafanya vivyo hivyo baada yake.

Mwaka 1913 alihamia Vaterstetten, karibu na Munich, kwa mwanawe Ludwig. Alifariki dunia tarehe 19 Februari, 1916, siku moja baada ya kutimiza miaka 78.

JINA LAKE ANGANI

Mwaka 1929 mwanasayansi wa Uswisi, Jakob Ackeret, alipendekeza kwamba mwendo wa chombo ukilinganishwa na mwendo wa sauti uitwe kwa jina la Mach. Mach 1 ni sawa na sauti, Mach 2 ni mara mbili. Mwendo wa sauti wenyewe hupungua hewa ikiwa baridi. Karibu na bahari ni kama kilomita 1,225 kwa saa, na huko juu penye baridi kali ni kama 1,060.

Tarehe 14 Oktoba, 1947, Mmarekani Chuck Yeager aliendesha ndege iitwayo Bell X-1 hadi Mach 1.06 juu ya jangwa la California, na mshindo ukasikika chini. Tangu hapo watu wengi hudhani kwamba ndege hulia mara moja tu, pale ipitapo mwendo wa sauti, kana kwamba imevunja ukuta. Picha za mwaka 1887 zakanusha. Wimbi la pia hufuatana na ndege muda wote iendapo kuliko sauti, nalo huburutwa juu ya nchi kama mkia wa kanzu ndefu. Kila mtu aliye njiani husikia mshindo wake linapompita, wa kijiji hiki kwanza, kisha wa kijiji cha pili. Ndege kubwa husikika mara mbili upesi upesi, kwa sababu liko wimbi la mbele na liko la mkiani, kama risasi ya Fiume.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1964 serikali ya Marekani ilirusha ndege za namna hiyo juu ya mji wa Oklahoma City kwa miezi sita, mishindo zaidi ya 1,200, ili kujua kama raia wataweza kuvumilia. Vioo vilivunjika na malalamiko yakafika kwa maelfu. Mwaka 1973 Marekani ilizikataza ndege za kiraia kuruka hivyo juu ya nchi kavu. Ndege ya abiria iitwayo Concorde, iliyobeba watu tangu mwaka 1976 hata 2003 kwa karibu Mach 2, ilibidi ingoje mpaka ifike baharini ndipo iipite sauti. Iliyowafunga wahandisi haikuwa injini. Ilikuwa ile pia ya hewa.

Ndugu wanafunzi, wako miongoni mwetu walioambiwa kwamba hawataweza, na wako wazazi waliopokea ripoti za huzuni. Maisha ya Mach hayatuambii kwamba kila atakayeshindwa Kilatini atakuwa profesa. Yatuambia kwamba mzazi mwenye subira, kazi ya mikono isiyoonewa haya, na moyo wa kujaribu tena baada ya picha tupu, ni vitu vyenye thamani. Yatuonya pia tusimshutumu mwenzetu kwa jambo ambalo hatujalichunguza, wala tusikatae jambo kwa sababu tu macho yetu hayajalifikia. Elimu ni bahari, na mwenye kuona mbali jana aweza asione mbali leo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne